Flashi ya Margarita

Jumanne, 8 Oktoba 2024. Koboko.

Leo nimemzidi Shamirah! Duka lake linatazamana na langu, naye pia huhamisha nyimbo na picha za watu. Wateja wake husubiri kwenye benchi mpaka wasinzie. Mimi nimegundua siri kwenye mipangilio ya kompyuta. Unairuhusu ilishike faili kwenye memori kwanza, halafu iliandike kwenye flashi baadaye, polepole. Mteja anaona "imekamilika" papo hapo. Akili nyingi hizi!

Jumatano, 9 Oktoba.

Amekuja Margarita, mjane kutoka Kaya, ng'ambo ya mpaka. Kadi ya memori ya simu yake inasumbua, na ndani yake mna rekodi ya marehemu mumewe, Santino, akizungumza na watoto kutoka kitandani, hospitalini Arua. Nyingine hana. Akaomba niihamishie kwenye flashi. Nikakata kwenye kadi, nikabandika kwenye flashi. Imekamilika! Nikachomoa flashi, nikaiinua juu Shamirah aone. Mama akanibariki, akapanda boda kwenda Oraba, mpakani.

Ijumaa, 11 Oktoba.

Margarita amerudi. Watoto walikaa kumsikiliza baba yao. Jina la faili lipo, sauti hamna. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Amandu, mwanangu, sauti ya baba yao iko wapi?"

Nikalaumu flashi. Nikalaumu umeme. Shamirah akavuka barabara, akasema nilichomoa wakati kompyuta ingali inaandika. Nikawaka. Basi kwa nini ilisema imekamilika? Mfumo wa kompyuta useme kweli, au uandike moja kwa moja! Akajibu kwamba ulikuwa unaandika moja kwa moja, mpaka mimi nilipouzuia.

Akaichukua ile kadi ya simu ya Margarita, akasema mtu asiiguse tena.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Shamirah ana programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Amepata kipande tu. Santino anakohoa. Anamwita binti yake, Kiden. Anamwambia asiache shule, na mama yake... Hapo inakatika.

Margarita alikuwa ameinamia spika.

"Iko yeye," akasema.

Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Mimi nilitoka nje, nikajifanya naangalia mvua.

Jumatatu, 14 Oktoba.

Sijalala vizuri tangu juzi. Leo nimeamua: nitakuwa fundi wa kufufua sauti za marehemu, Koboko nzima mpaka Arua. Nimemwomba Shamirah ile programu. Nilidhani atanifukuza. Amekubali! Akaichomeka flashi yangu, akaanza kunakili, akaniambia nikae kwenye benchi mpaka yeye mwenyewe aitoe. Kukaa! Mtu mwenye mipango kama mimi! Kompyuta ilipoandika imekaribia kukamilika, yeye akiwa amegeuka kumhudumia mteja, nikachomoa, nikaondoka zangu.

Kesho asubuhi naanza kupokea wafiwa.