Malalamiko Dhidi ya Skani Iliyomchunguza Wechuli Bila Kisu

Kwa Daktari Dolphine,
Idara ya Picha.

Mheshimiwa Daktari,

Pole na kazi. Mimi ni Waswa, kaka mkubwa wa marehemu Wechuli, fundi cherehani, aliyefariki Jumanne baada ya kula samaki aliyepikwa na mkewe, Apiyo. Naandika kwa heshima kuishtaki mashine yako.

1. Tulipokataa marehemu apasuliwe, ulikubali upesi mno. Ulisema tu, "Sawa, hatutampasua. Tutampiga picha." Wazee walikuwa wametoka Bungoma na hotuba za siku tatu. Wamerudi nazo.

2. Mashine ilimaliza kabla chai yetu haijapoa. Kifo cha mtu mzima kinahitaji muda.

3. Mwili ulirudi bila hata mshono mmoja, kwa hiyo hatuwezi kudai mmeiba figo. Shangazi Jentrix alikuwa ameshaanza kuililia hiyo figo.

4. Hili ndilo zito. Tulikuwa tumekubaliana kwamba samaki alitiwa sumu. Tulishaacha kumsalimia Apiyo, tukamnyang'anya na funguo za nyumba. Nawe ukatuonyesha kichwa cha ndugu yangu kwenye kompyuta: mfupa umepasuka, damu imevilia ndani. Ukauliza, "Huyu alianguka lini?" Watu kumi na wanne wakatazama viatu vyao. Sasa nani atamrudishia Apiyo funguo bila kuona haya?

Naomba basi, kuanzia sasa, picha zipitie kwanza kwa wazee wa ukoo, wazirekebishe, ndipo zisomwe mbele ya watu.

Nisalimie wauguzi, na mlinzi wa mochari aliyetutafutia benchi. Fundi wa mashine naye msalimie, ingawa nina kinyongo naye.

Ni mimi, kwa unyenyekevu,
Waswa

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, lazima niseme. Alianguka Jumapili, sokoni Kibuye, akipigilia bati la kibanda cha Apiyo. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi, nikaiachilia nipokee simu. Aliinuka akicheka, akaniambia, "Usimwambie Apiyo, ataniita mzee." Sikumwambia. Hata tulipomwita Apiyo mchawi, sikusema. Leo asubuhi nimempelekea funguo, nikamweleza yote. Alizipokea, akazifunga kwenye ncha ya kanga. Halafu akauliza kama Wechuli alicheka kweli. Nikamwambia, kweli alicheka.