Tak-tak Mlangoni mwa Dereva

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeapa. Jirani yangu daktari wa meno kawasha gari saa moja asubuhi, vikombe vyangu vikacheza kabatini. Sabufa mpya! Akanipungia mkono kwa madaha. Gari langu likipita kwenye tuta, mlango wa dereva unalia tak-tak. Wiki mbili sasa. Ni wiki mbili hizo hizo tangu pete yangu ya ndoa ipotee. Mikosi imeniandama! Ilikuwa inanipwaya, maana ni ya marehemu baba mkwe, na vidole vyake havikuwa vya mchezo. Mke wangu nimemwambia iko kwa sonara, inang'arishwa. Akasema sawa, ila Jumamosi mama yake anakuja, na ndiye aliyenivisha pete hiyo kwa mkono wake, basi asinikute kidole kitupu.

Mpango: muziki mnono garini. Mama mkwe akizama humo, nani atakumbuka vidole?

Jumanne, 4 Machi
Nimechanganyikiwa. Muuza spika anasema nianze na sabufa, eti itameza tak-tak yote. Fundi Waya, anayefunga redio za magari, anasema huyo mwongo, nianze na mabamba ya lami, yale ya kubandika ndani ya milango ili bati lisitetemeke. Binamu yangu, ambaye hana gari, anasema amplifaya. Spika nne za omu nne, kile kipimo cha ukinzani wa umeme: ni omu kumi na sita au omu moja? Nimejumlisha, nikagawanya, nikapata sifuri. Nimeamua kumfuata kila mtu.

Jumatano, 5 Machi
Fundi Waya alitaka kwanza amulike tochi ndani ya mlango, asafishe, ndipo abandike. Siku nzima! Nikamwambia aniachie. Nimebandika mwenyewe bila kuchungulia, tundu hata moja halikupona. Bamba moja limenasa nywele zangu, nikalikata pamoja na nywele zenyewe. Tak-tak sasa imekuwa tuk-tuk. Maendeleo!

Alhamisi, 6 Machi
Sabufa imefungwa. Imejaza buti lote. Gurudumu la akiba limehamia sebuleni. Mke akauliza mizigo ya mama itakaa wapi. Nikasema mapajani. Hakucheka.

Nikaenda kuwasha sabufa mbele ya nyumba ya daktari. Kibao cha namba cha gari langu kikadondoka kwa mtetemo. Akakiokota, akakipangusa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto. Na tuk-tuk bado ipo.

Ijumaa, 7 Machi
Mke kapanda gari, kazima muziki, kaniambia niendeshe kisha nifunge breki. Mara tatu. Akasema hilo si bati, ni kitu kidogo cha chuma kinabiringika. Halafu akauliza nani huosha vioo vya gari kwa sabuni kila Jumapili. Nikasema mimi. Akauliza kwa mkono upi. Nikasema yote miwili. Kisha nikatazama ule mwanya kati ya kioo na mlango.

Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama yule sonara amehamishia karakana yake ndani ya mlango wetu.

Tumebandua mabamba hadi jioni. Kucha zangu zimekwisha. Pete ilikuwa chini kabisa, imelala kwenye vumbi. Nimelia, sifichi. Yeye kalia kidogo, kacheka, kisha kaniambia nikiivua tena, mimi mwenyewe nitamweleza mama yake. Nikaapa kwa kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimerudishia mabamba. Lami ikawa inachafua pete, basi nikaivua dakika moja tu, nikaiweka juu ya dashibodi, kando ya matundu ya hewa, mahali ninapoiona. Nikajaribu sabufa kwa sauti ya mwisho. Safi! Mlango kimya kabisa. Jirani kachungulia dirishani. Raha iliyoje!

Saa tisa tukaenda kumchukua mama mkwe. Njiani mke akauliza pete. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, iko humu humu garini.

Lakini ajabu! Tukirudi naye, tuta la kwanza tu, dashibodi ikaanza kulia. Tik-tik. Mama mkwe, sanduku mapajani, ndiye aliyeisikia kwanza, akauliza ni nini hicho. Nimemtuliza. Nimemwambia dawa yake naijua: Jumatatu nanunua mabamba mengine, naziba matundu yote ya hewa.