Cheti cha Mbegu Safi

Prayitno aliihudhuria harusi ile kwa ajili ya supu, bila kualikwa. Mjini Solo, mwenye shati la batiki lililopigwa pasi barabara haulizwi kadi. Akiwa na bakuli mkononi, alimwona babu wa bwana harusi akigeuza mwili mzima ili aitikie salamu ya kushoto, kwa kuwa shingo ilikwisha kustaafu. Nyuma yake wanawake wawili walikuwa wakinong'ona.

"Mgongo wa mwanzi huo. Upo kwenye ukoo wao."

"Si ndiyo maana mbegu hutazamwa kwanza, dada. Mali hutafutwa, cheo hununuliwa. Mbegu utainunua wapi?"

Wengine wangelisikia swali. Prayitno alisikia soko.

Mwezi haukwisha kabla hajawa Dokta Prayitno, Mpimaji wa Mbegu za Viungo vya Mwili. Alipangusa shavu la mteja kwa ndani na kipande cha pamba, akakitia katika kisanduku chenye taa ya buluu ambacho, katika ajira yake ya awali, kilichemsha chupa za watoto wachanga. Jina la alama ya mgongo wa mwanzi aliyodai kuitafuta, B27, alilipata kwenye kipande cha gazeti kilichofungia kitoweo chake cha asubuhi, tempe ya soya. Nusu ya pili ya habari ilibaki kwa muuza tempe, na elimu ya Prayitno ikakomea pale karatasi ilipochanika.

Majibu yalifuata kanuni moja, nayo ni viatu. Mwenye kandambili alipewa cheti safi papo hapo. Mwenye viatu vya ngozi alikutwa na dosari, na dosari ilihitaji vikao saba vya kusafishwa.

Bu Wuryani, mjane mwenye karakana ya batiki mtaa wa Laweyan, alivaa viatu vya ngozi ya mamba. Kwa hiyo binti yake, Tarini, alikutwa na dosari kubwa mno. Habari ilifika sokoni kabla ya wenyewe kufika nyumbani, na wachumba wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Prayitno alipokwenda Laweyan kwa kikao cha kwanza, aliuona ua, mapipa ya rangi na mafundi thelathini walioinamia vitambaa. Akajiuliza kwa nini ateke maji kwa kijiko, ilhali kisima chenyewe kinaweza kuolewa.

"Mama," alisema, "aijuaye dosari haiogopi. Nitamwoa mimi."

Bu Wuryani alikuwa akitazama jinsi mgeni alivyoketi: mkono kwanza, kisha nyonga, kisha mengineyo kwa awamu.

"Umelala vibaya, mwanangu?"

"Kitanda cha hoteli, Mama. Nikitembea kidogo kunaachia."

"Ukipumzika kunazidi. Asubuhi ndiyo balaa."

"Hivyo hivyo. Umejuaje?"

"Nakisia tu."

Marehemu mumewe alimfundisha kukisia huko kwa miaka thelathini.

"Sawa," alisema mjane. "Ila sisi ni watu wa kale. Na wewe utupe cheti chako. Uandike humo kwamba ukikutwa na dosari, zawadi za posa hazirudi."

Prayitno alijiandikia cheti safi kwa mwandiko mzuri kuliko wa vyeti vyote vingine, akatia sahihi. Kisha mavuno yake yote ya miezi minne akayageuza bangili za dhahabu na hariri. Anayeoa kisima hahesabu ndoo.

Posa ilipangwa alfajiri, mara baada ya sala. Prayitno alilazwa hapo hapo Laweyan tangu jana yake, katika chumba cha wageni cha mjane. Ukoo ulikuja, na soko zima nalo likaja. Zawadi zilipokwisha kupokewa, Bu Wuryani aliketi kitini na kumtaka mchumba apige magoti na kuinama hadi paji la uso liguse magoti yake. Kwa desturi heshima hiyo hungoja siku ya harusi. Bu Wuryani alisema umri wake haungoji.

Prayitno alipiga magoti. Kichwa kilikubali kuinama, mgongo ulikataa. Kati ya paji lake na magoti ya mjane ilibaki nafasi ya kupita paka, na paka wa nyumba hiyo akapita.

"Sogea, mwanangu."

"Nimefika, Mama."

"Umefika wapi? Magoti yangu yapo huku."

"Dokta," alisema Tarini kwa upole, "au tukuletee hayo magoti?"

"Marehemu alikuwa hivi hivi," alisema muuza viungo mmoja. "Huo ni mwanzi mtupu."

"Ni kitanda cha hoteli," alijitetea Prayitno, akiizungumzia sakafu.

"Jana umelalia godoro langu la pamba," alisema Bu Wuryani. Akakisoma cheti kwa sauti, pamoja na sharti lake na sahihi. Watu walimtazama daktari, wakakitazama kisanduku alichokuja nacho, na mama mmoja aliyekwishalipia vikao saba akavua kiatu. Prayitno angekimbia, lakini ili akimbie ilibidi kwanza ainuliwe, na wainuaji hawakuwa na haraka.

Mlangoni Bu Wuryani alimpa mkongojo wa marehemu.

"Nenda hospitali, kwa daktari wa kweli. Siku hizi dawa ipo. Mume wangu hakuiwahi."

Tarini alimfungulia lango. Bangili zililia mkononi mwake.

Hospitalini walimtoa damu. Baada ya siku kadhaa daktari, mwanamke mchovu asiye na kisanduku chochote, alimsomea majibu: B27 ilikuwamo.

"Wewe umeangukia upande wa wachache," alisema. "Wengi wenye alama hii hawaugui kamwe. Huzeeka wamenyooka."

Prayitno aliuegemea mkongojo.

"Hilo halikuwamo gazetini," alisema.

"Gazeti gani?"

"La tempe."