Kambare Asiyekua

Mtaalamu alikuwa anapita tu, kama alivyojitetea baadaye, alipoona ndani ya saluni tangi la samaki ambalo kioo chake kimeota utando wa kijani. Watu wengine wakiona kioo kichafu huona kioo kichafu. Yeye aliona chakula cha mchana, na pengine cha jioni.

Tuseme mapema kwamba hakuna aliyempa huo utaalamu. Alijipa mwenyewe siku moja akiwa hana kazi, na kwa kuwa hakuna aliyepinga, jina likakaa. Biashara yake ilikuwa kuuza kambare wa kioo. Huyu ni samaki ambaye mdomo wake uko chini ya kidevu, wa duara, na hujibandika nao kwenye kioo akakilamba mpaka king'ae. Wako wa aina mbili. Kuna kibete, ambaye akifika urefu wa kiganja huridhika na maisha, akaacha kukua. Huyo ni adimu na bei yake inauma. Halafu kuna wa kawaida, anayeuzwa karibu na bure, ambaye hukua mpaka akalingana na mkono wa mtu, kisha akaendelea.

Wakiwa wachanga, wote ni weusi, wote wana madoadoa, na wote wana sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ukitaka kuwatofautisha, tazama pezi la mgongoni. La kibete ni fupi na vijiti vinavyolisimamisha ni vichache. La yule wa kawaida limesimama kama tanga, na vijiti vyake ukivihesabu vinafika kumi na kupita. Tena kibete dume akikomaa huota ndevu puani. Lakini ni nani anayemhesabu samaki vijiti vya mgongoni kabla ya kulipa? Mtaalamu aliwauza wale wa kawaida kwa jina na bei ya vibete, kisha akahama mji kabla samaki hawajaanza kutoa ushahidi.

"Habari za kazi, dada?" alisema mlangoni. "Samahani kwa kuingilia. Tangi lako linalia."

"Linalia nini?" aliuliza msusi bila kuinua macho. Alikuwa katikati ya kichwa cha mtu.

"Linamlilia huyu." Akainua mfuko wa plastiki wenye maji na kitoto cha kambare.

Shangazi wa msusi, aliyekuwa akipokea wateja na habari zao, alivaa miwani. "Anakula nini?"

"Uchafu, shangazi."

"Basi humu hatalala njaa."

"Na anakua?" msusi akauliza.

"Dada yangu, huyu ni kibete. Kiganja, basi. Akizidi hapo, nitameza maneno yangu mbele za watu."

Msusi alicheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Mtaalamu alikuwa amezoea watu wanaobishana bei, hakuzoea watu wanaocheka. Alipokea malipo yake, akaondoka, na kesho yake akarudi kuuliza kama samaki amelala vizuri. Keshokutwa akarudi kuuliza kama amezoea. Alikuwa amempenda msusi yule, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na maneno ya kumuuzia mtu. Miezi miwili haikuisha, akapeleka posa mwenyewe, akiwa amesimama kati ya kiti na mashine ya kukaushia nywele.

Msusi alitoa kitana mdomoni. "Kaka, mimi nimechoka na wanaume ambao neno lao la asubuhi silo la jioni. Wewe ulisema samaki huyu hakui. Akibaki kiganja mpaka mwisho wa mwaka, nitakukubali. Akizidi, usirudi tena hapa."

Mtaalamu alishukuru, akatoka, akazunguka nyuma ya saluni na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimjua samaki wake.

Akabuni huduma. Kila Jumamosi alikuja na ndoo yenye kifuniko kubadilisha maji ya tangi, bure kabisa, kwa moyo wa huduma. Aliwaomba wateja wageuze viti kuelekea ukutani.

"Kambare ana haya," alieleza. "Akitazamwa wakati maji yanapungua, hususa kula."

Wateja waligeuka. Nyuma ya migongo yao Mtaalamu alimtoa kambare aliyeanza kunenepa, akaingiza mwingine mdogo kutoka kwenye ndoo. Yule aliyenenepa alihamia chumba alichopanga Mtaalamu, ndani ya pipa, akaendelea na shughuli yake ya kukua.

"Huyu samaki," shangazi alisema Jumamosi moja, "doa lake kubwa halikuwa upande ule?"

"Ni kawaida, shangazi. Madoa yao hutembea."

"Wana bahati. Langu la shavuni limekaa palepale tangu nizaliwe."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa inapimwa kwa madoa. Usiku hakulala vizuri, na si kwa sababu ya samaki waliokuwa wakigonga pipa. Mwishowe akaamua jambo ambalo hakuwahi kulifanya: kununua kitu cha kweli. Alikwenda kwa mzee mwenye duka la samaki wa mapambo, akamwomba kibete halisi. Akahesabu vijiti vya pezi, akavirudia. Vichache. Akakagua pua. Ndevu zipo. Akalipa kwa ile akiba aliyokuwa akiiweka afungue duka la kweli, lenye mlango na kitasa, na moyo ukamuuma kama aliyeng'olewa jino.

Jumamosi hiyo alibadilisha maji, akamwingiza kibete huku anapiga mluzi. Sasa mambo yalikuwa halali, au karibu na halali. Kwa kuwa hakuwa na haja tena ya kubadilisha kitu, alijipa likizo, akakaa majuma kadhaa akisalimia kupitia dirishani tu. Aliporudi na ndoo yake, kambare alikuwa amezidi kiganja.

Alihesabu vijiti. Kumi na kupita. Puani hakukuwa na unywele.

"Umeniibia!" alimfokea mzee wa duka. "Umeniuzia wa kawaida!"

"Si ulihesabu mwenyewe?" mzee alijibu, mikono imelowa hadi kwenye kiwiko. "Au macho yalikuwa kwa msusi? Ninaye mwingine hapa. Hesabu tena."

Alihesabu tena. Akalipa tena. Na majuma yalipopita, kambare alikuwa amekua tena.

Msomaji atashangaa kwa nini hakushtuka. Tapeli ana ugonjwa mmoja: huamini kwamba duniani watu ni wa aina mbili tu, yaani yeye na wateja. Mtaalamu alimshuku mzee wa duka, akayashuku maji, akaushuku hata utando wa kijani kwamba una rutuba kupita kiasi. Lakini hakuwashuku wanawake waliogeuzia nyuso zao ukutani kwa utii namna ile. Aliendelea kununua mpaka akiba ikakauka na lile duka lenye kitasa likabaki ndoto. Alijifariji kwamba mke anazidi duka.

Jumamosi ya mwisho ya mwaka alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kupokea jibu lake. Saluni ilikuwa imejaa. Alimwona mwanamke wa duka la dawa, aliyenunua kambare kwake mwanzoni mwa mwaka. Kando yake alikaa mwalimu, naye alinunua kambare kwake. Chini ya mashine ya kukaushia nywele alikuwa karani wa benki, aliyenunua kwake wawili, kwa punguzo. Safari hii viti vyote vilielekea mlangoni.

"Karibu, kaka," alisema msusi. "Tulikuwa tunakusubiri."

Mezani palikuwa na bakuli la kioo. Ndani yake kibete mwenye ndevu alikuwa amejibandika, akilamba kwa bidii. Msusi aliweka kiganja chake kando ya bakuli.

"Amebaki palepale," Mtaalamu alisema. "Nilikwambia."

"Huyu, ndiyo. Ndiye uliyemleta mara ya kwanza ulipomnunua wa kweli. Na mara ya pili. Na ya tatu."

"Na ya nne," akadakia shangazi. "Kila ukimleta, mimi nilimrudisha dukani. Yule mzee ni shemeji yangu. Yeye akakuuzia upya, sisi tukamweka ndani wa kawaida."

"Wa kawaida mliwatoa wapi?"

"Kwangu," akasema mwalimu. "Wangu alikuwa amekula nafasi ya wenzake wote."

"Wangu alikuwa hageuki tena ndani ya tangi," akasema karani wa benki. "Akitaka kurudi, alirudi kinyumenyume."

Mtaalamu aliwatazama mmoja mmoja. Aliwauzia watu ambao kila juma hukaa pamoja, vichwa vyao mikononi mwa mtu, wakiongea. Hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Pesa zao nimewarudishia zote, kutoka kwenye zile ulizomlipa mzee," msusi alisema. "Ni zako hizo, usijali, zimefika kwa wenyewe. Kilichobaki tumenunulia kiti." Shangazi alijinyoosha juu ya kiti kipya ili kionekane vizuri.

"Lakini mimi nawajua samaki," alisema Mtaalamu. Hilo ndilo lililomuuma kwanza. "Nilihesabu kila kijiti."

"Ulihesabu pezi. Usoni hukumtazama hata siku moja. Udevu wake wa kushoto umepinda. Mimi kutwa nazitazama nywele za watu, uliopinda nitaachaje kuuona?"

Mtaalamu aliinama. Ulikuwa umepinda kweli.

"Na jibu langu?" akauliza polepole.

Msusi hakucheka.

"Nilijua tangu mwezi wa kwanza, mwalimu aliponieleza. Ulipoleta posa nilikuwa nimeshajua. Nikakupa sharti lile makusudi, ili uje uniambie, 'Dada, samaki huyu atakua, nilikudanganya.' Basi. Kila Jumamosi niligeukia ukutani na hawa wengine, nikangoja useme. Ungesema hata mara moja, ningekukubali, hata tangi likibaki chafu." Akamtia kibete kwenye mfuko wenye maji, akaufunga, akamkabidhi. "Mchukue. Umemlipia kuliko samaki yeyote mjini."

Nje, kwenye kona, kinyozi alikuwa na tangi lililooza kijani. Mtaalamu alisimama mbele yake, akasema neno la kweli.

"Huyu ni kibete halisi. Hazidi kiganja."

"Ndivyo mnavyosema nyote," kinyozi akajibu, akaendelea kunoa wembe.

Hakuhama mji safari hii. Mtu hawezi kuhama na mapipa ya kambare wenye urefu wa mkono, na mwenye nyumba amekataa katakata kubaki nao. Kibete amewekwa dirishani peke yake, kwenye chombo safi. Kila Jumapili Mtaalamu huweka kiganja chake kando ya kioo, akampima, kisha akamtazama usoni kwa muda mrefu. Hajakua hata ukucha, na hakuna wa kumwonyesha.