Bomba la Oili Lililoonjwa Mlali

Kwa jina la Mola aliyempa mja mmoja ulimi wa kupamba maneno, akampa mwingine pua ya kuyanusa. Sala na amani zimshukie Mtume wake, ambaye hakuuza kitu bila kutaja kasoro yake.

Tuwapange watu kwa daraja zao. Mbele anakaa Respicius, mwuza vifaa vya gereji, mwenye suti ya kijivu na pikapu nyeupe. Suti ilikuwa ya kuazima. Pikapu ndiyo mali yake ya pekee, ndiyo duka, ndiyo kitanda, ndiyo miguu ya kutorokea pindi wateja wanapozinduka. Wale wa Chemba walikwisha kuzinduka. Baada yake yuko Mama Aneth, mwenye gereji ya Mlali, na nyuma yao Luka, fundi wake, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu.

Respicius alipopita Mlali aliona nje ya gereji mapipa ya oili chafu, yakisubiri wafugaji waje kuichota wapake nguzo za mazizi zisiliwe na mchwa. Moyo wake ukaruka.

“Mbukwenyi!” akasalimu kwa Kigogo. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pikapu inasumbua?”

“Pikapu ni nzima. Anayesumbuka ni wewe, unayewagawia watu dhahabu wapake miti!”

Akashusha bomba la oili, akiapa kwamba husafisha oili chafu ikawa mpya: pipa jekundu lenye magurudumu, mpini wa kuzungusha na mpira mrefu. Bomba lenyewe lilikuwa la kazi kweli. Hila ilikuwa tumboni, ambako bati lililochomelewa liligawa pipa vyumba viwili. Chumba cha juu kilimeza uchafu. Cha chini kilitoa usafi uliowekwa humo mapema. Na kwa kuwa oili mpya ni ghali, na Respicius alikuwa bahili hata katika dhambi, chumba cha chini alikijaza mafuta ya kupikia ya alizeti.

Luka akamimina oili chafu. Respicius akazungusha mpini kwa unyenyekevu wa shahidi wa ndoa. Kikatoka kitu cha rangi ya asali.

“Bwana asifiwe!” akasema Luka.

Mama Aneth akachovya kidole, akakifikicha, akakipitisha puani kama anayejikuna. Akatabasamu. Respicius, masikini, alidhani lile ni tabasamu la tamaa.

“Nalitaka, na bei yako siipingi. Ila kwetu, mwanangu, anayekukaribisha kibuyu cha maziwa hukionja kwanza mbele yako. Gari lako lionje.”

“Gari langu limeshiba, mama!”

“Luka atamwaga oili iliyomo, tuitie hii. Au ina neno? Sema tu, hapa hatugombani.”

Kukataa ni kukiri. Akapiga moyo konde: Kongwa si mbali, huko ataimwaga.

“Lionje,” akasema kwa sauti ya mgonjwa.

“Una hakika?”

“Kabisa, mama.”

Luka alipokwisha kuitia, Respicius akalipwa, akaondoka kwa kasi, na kasi ndiyo iliyomponza. Kabla ya kufika Kongwa boneti ilifuka moshi, na moshi ukanukia kama wa jikoni. Mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu alisimama, akauliza kwa adabu maandazi yanauzwaje. Injini ikakoroma, ikakwama.

Haukupita muda, gari la gereji likawasili na Mama Aneth, Luka akiwa na kamba mkononi.

“Pole, mwanangu,” alisema Mama Aneth.

“Ulijua, mama?”

“Nimekulia kwenye mashine ya kukamua alizeti.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuuliza, ukasema una hakika. Mtu akiwa anaonja, namkatizaje?”

Luka akacheka mpaka akashikilia mlango.

Fedha zikarudi kwa mwenyewe. Pikapu ikavutwa hadi gerejini, isitoke mpaka Respicius alete vipuri vya injini. Luka akalikata lile bati la tumboni, na bomba, likiwa sasa bomba halali, likabaki Mlali kuwa ujira wa kamba na wa kazi ijayo.

Respicius aliomba kupanda lori la kwenda Dodoma, akakaa juu ya magunia na suti yake ya watu. Lori lilipokwisha kushika njia, ndipo alipomwuliza utingo magunia yale yamebeba nini.

“Alizeti,” akajibiwa.

Mola amfikishe salama aliye juu ya magunia, ambariki aliyebaki na bomba, na sisi tuliosalia atujaalie riziki isiyofuka moshi. Amina.