Mbeleko Yangu Iliyoondoka na Selo

Makandana, Tukuyu

Ndugu Asajile, Mwenyekiti wa Kamati ya Wageni,

Shikamoo, na poleni kwa ugeni. Ni mimi mama Anyitike, niliyekaa mbele Jumapili, mtoto mgongoni, wale wageni wanne walipotupigia fidla za kizamani ukumbini. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umembeba mtoto. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlitutangazia kwamba vyombo vile ni vya miaka mia tatu, na nyuzi zake ni utumbo wa kondoo. Hatukucheka. Lakini yule mzee mwenye fidla kubwa, wanaiita selo, alikaa saa nzima ameibana kwa magoti, haina hata mguu wa kusimamia! Kamati nzima mnatazama tu. Inaonekana hamjawahi kubeba kitu kinacholia.

2. Ukungu wetu ukalegeza nyuzi. Kila wimbo ukiisha wanazikaza, na kila zikikwaruza Anyitike anacheka. Miezi minane nambembeleza mimi, yeye anachekea utumbo.

3. Kwa huruma nikafungua mbeleko, nikaenda kumfungia mzee selo yake kifuani, mafundo mawili. Nilimwazima. Nilimwazima, Mwenyekiti! Wewe ukadaka kipaza sauti: "Mama Anyitike amewatunza wageni mbeleko yake!" Vigelegele ukumbi mzima. Bibi Felista naye akatunza mkungu wa ndizi. Ningedaije tena? Mzee akaibusu mbeleko, akaondoka nayo mpaka Mbeya.

4. Anyitike halali bila mbeleko ile. Amekataa kanga, amekataa shuka, amekataa shati la baba yake, na baba yake pia.

Kwa hiyo naomba kwa heshima mbeleko irudi kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, irudi na selo ndani yake. Hiyo nayo ikishindikana, aje mzee mwenyewe, ambebe Anyitike mgongoni huku akipiga, mpaka mtoto aache ziwa. Chumba kipo. Na kuanzia leo mtangaze kwamba kubana mzigo kwa magoti bila mbeleko ni mateso, na mtu wala chombo kisifanyiwe hivyo tena Rungwe nzima.

Nisalimie mama Doreen, kwaya yote, na yule aliyenikonyeza nikae chini.

Wako mwenye mgongo mtupu,
Tulinagwe, mama Anyitike

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha mikono ilichoka, nikambana Anyitike kwa magoti kama mzee yule, nikampitishia mwiko mgongoni taratibu, huku na huku. Amelala. Haya nayaandika kwa mikono miwili. Mbeleko mzee abaki nayo. Mkija kunijibu, msipige hodi.