Ombi la Kufungwa kwa Ukurasa wa "Usitupe Bado"

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Usitupe Bado",

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wote wanaokusaidia kuivuruga nyumba yangu. Mimi pia ni mzima, ila naandika nikiwa nimekalia tairi.

Naomba nijitambulishe kwanza, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa kubahatisha. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mali chakavu katika ofisi ya umma. Nilipita idara kwa idara nikiwa na brashi na kopo la rangi nyekundu. Nikikuta kiti kimevunjika mguu, feni imegoma kuzunguka au kabati limeliwa na mchwa, nilitazama, nikatikisa kichwa, nikapiga alama ya X, na hapo ndipo habari ya kitu hicho ilipoishia. Wenzangu waliniita Bwana Futa, na nikisema ukweli, jina nililipenda.

Nilipostaafu nilitegemea kupumzika. Bahati mbaya, kipindi hichohicho mama watoto alianza kuusoma ukurasa wako gazetini, na tangu hapo hakuna kitu kilichoruhusiwa kutoka nyumbani kwetu kwa heshima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jikoni. Uliwashauri wasomaji wasitupe chupa wala makopo, ukasahau kuwashauri waandike nje kilichomo ndani. Sasa chumvi inakaa kwenye kopo la kahawa, kahawa kwenye kopo la maziwa, na maziwa nimeacha kuyatafuta. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo imehamia kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Siku mama watoto alipokwenda kumjulia hali dada yake, nilijikaangia yai. Likaanza kutoa povu. Nikaongeza mafuta nikidhani hayajatosha. Aliporudi hakunipa hata pole, alichukua kikaango, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akasema hajawahi kukiona kimetakata namna ile.

2. Mavazi. Nilikuwa na tai nzuri za kazini. Ile ya buluu, niliyoivaa siku mkurugenzi aliponipa mkono mbele ya watu, sasa imeushikilia mche wa nyanya usianguke. Kinachoniuma zaidi ni kwamba fundo lake limekaa vizuri kuliko nilivyowahi kulifunga mimi. Suruali zangu zimekuwa mifuko ya kwendea sokoni, na mama watoto anaibeba hadharani, zipu ikiwa mbele. Juzi nilikuwa sebuleni na mgeni, tukizungumza mambo ya maana, nikaiona fulana yangu ikipita sakafuni inadeki. Nikainua miguu ipite.

3. Maji. Katika nyumba nyingine maji yakishatumika humwagwa. Kwetu yana kazi ya kufanya. Yaliyooshea mboga huloweka matambara, yaliyoloweka matambara husugua baraza, na yaliyosugua baraza humalizia chooni. Siku moja, kwa ujinga wangu, nilimwaga ndoo nzima uani bila kuomba ruhusa. Kikaitishwa kikao cha familia. Binti yetu mkubwa, aliyeolewa mbali na mwenye shughuli zake, alipigiwa simu ili aongee na mimi. Aliniuliza kwa upole kabisa kama kuna jambo linanisumbua.

4. Mwavuli wangu. Sitaki kuuzungumzia. Mwenye kutaka kuuona aje atazame wanamolala kuku.

5. Viti vya wageni. Ulichapisha maelezo ya kugeuza tairi kuukuu kuwa kiti kwa kulizungushia kamba. Ni kiti kizuri kwa mtu mwembamba. Shemeji yangu si mwembamba. Alipokuja kutusalimia alikaa, akazama, magoti yakamfikia mashavuni, akaendelea kunywa chai kwa adabu kama mtu aliyelelewa vizuri. Wakati wa kuaga ulipofika tulimvuta mimi huku na jirani kule, na tairi likanyanyuka pamoja naye. Tangu siku hiyo akija husimama mlangoni, anasema ana haraka.

6. Hili la sita ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilipoona hali imefika hapo, nilirudia kazi niliyoijua. Nilitafuta brashi yangu, nikanunua kopo la rangi nyekundu, nikaanza kupita chumba kwa chumba. Kila nilichokiona kimekwisha nilikipiga X na kukitoa nje ya lango, mzoa taka akija na mkokoteni wake akichukue. Ndugu Mhariri, nilikuwa namfanyia mama watoto kazi bila kujua. Kumbe kila asubuhi alikuwa anatoka kabla ya mzoa taka, anaangalia penye nyekundu, anaokota, anarudisha ndani. Alimwambia hata jirani kwamba nimeanza kumsaidia, maana zamani ilimbidi avitafute mwenyewe, na sasa namwekea alama.

Ndipo nikaamua kulinda. Nilikitoa kiti cha mbao kilichopasuka, nikakipiga X kubwa kwenye mgongo wake, na ili kisiokotwe nikakikalia palepale nje ya lango nikimsubiri mzoa taka. Mkaguzi wa miaka yote hiyo, nikasahau kwamba rangi haijakauka.

Mzoa taka alipofika nilisimama kumpisha. Akakitazama kiti, akanizunguka, akautazama mgongo wa shati langu jeupe. Kwa adabu zote akaniuliza, mzee, na wewe nikupakie au kiti peke yake?

Kabla sijamjibu, mama watoto akatoka mbio, mwiko bado mkononi. Alikiona kiti. Na mgongo wangu aliuona, najua aliuona, kwa sababu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakibeba kiti kwapani, akainama karibu na kiatu changu, akaokota kifuniko cha kopo kilichokuwa pale chini, akaingia ndani. Lango likajifunga nyuma yake. Nikabaki mimi na mzoa taka.

Sasa nikuulize, wewe uliyesoma. Kikombe kilichokatika mkono kimepewa kazi ya kutunza kalamu. Mimi mwenye mikono yote miwili sina kazi. Mswaki uliokwisha meno unasugua mabomba. Mimi meno yangu karibu yote yapo. Droo ya meza yangu ya zamani imepandwa vitunguu na kila asubuhi inasalimiwa na kumwagiwa maji. Nikifika jikoni kuuliza nisaidie nini, naambiwa nikapumzike. Nimepumzika hadi nimechoka.

Niseme wazi, niliumia. Tangu nistaafu simu yangu hailii. Nilipita kazini kuwasalimia wenzangu, mlinzi mpya akaniuliza namtafuta nani, nikasema nimepotea njia. Nilirudi nyumbani nikijipa moyo kwamba angalau nina mke asiyeweza kutupa hata kizibo. Kisha yakatokea hayo ya langoni.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaandika kwa heshima. La kwanza, ufunge ukurasa wako mara moja, vitu vilivyochoka viachwe vipumzike. Ukishindwa kuufunga, basi uchapishe kwa herufi nene kwamba kila nyumba ina haki ya kutupa angalau kitu kimoja kwa wiki bila kikao cha familia. Na ukishindwa hilo pia, nakuomba uandike makala yenye kichwa "Namna ya Kumtumia Tena Mume Aliyestaafu". Nitakusaidia kuanza. Anaweza kushika ngazi. Anaweza kukalia sanduku lisilofungika. Anaweza kusimamishwa bustanini kufukuza ndege, na gharama ya kumtunza ni ndogo, mradi apewe la kufanya.

Ukiyapuuza haya, sitakuwa na njia nyingine. Nitakaa nje ya lango, na mzoa taka akija safari hii nitapanda mwenyewe.

Nakushukuru kwa muda wako. Wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia anayepokea wageni mlangoni mpaka anayekuletea chai. Msalimie na mkeo. Kama bado hajaanza kusoma ukurasa wako, usimwonyeshe.

Wako katika uchakavu,
Mkaguzi Mstaafu

Tanbihi: Barua ilipokwisha nilikosa bahasha, maana bahasha mpya haziingii nyumbani humu. Ikabidi nimwombe mama watoto anigeuzie moja ya zamani, ndani nje. Akaigeuza, kisha akaketi akaisoma barua yote, taratibu, bila kucheka. Nikamuuliza, kwa sauti niliyotaka iwe ya kikazi, kwa nini siku ile alikiokota kiti na kifuniko akaniacha mimi. Akanishangaa. Akasema, "Baba watoto, mimi naokota kilichotupwa. Wewe nani amekutupa?"

Kisha akaniambia kumbe siku zote aliogopa kunipa kazi, akidhani mtu aliyewahi kuheshimiwa na mkurugenzi ataona haya kuchambua maganda. Siyo kweli. Barua ikakaa wiki nzima, maana nimekabidhiwa shimo la mboji, na ninalikagua kila siku. Hakuna ganda linaloingia bila mimi kulitazama, na mpaka sasa sijapata hata moja la kukataa.

Kwa hiyo usifunge ukurasa. Tena nakuomba ujibu haraka: maganda ya machungwa yanaoza au yananichezea tu? Na kama barua hii itakuwa imeshachapwa, tutumie nakala zote zitakazobaki. Tunatengenezea vikopo vya miche.